Reli Isiyofika Tukuyu, Ndoa Zinazoitegemea

TAZARA haigusi wilaya ya Rungwe hata mita moja. Lakini waulize wenye wachumba Dar na wakwe Tukuyu, watakuambia reli hii ni ya nani.

Watu wa Dar huwa wanabisha: eti treni inafika Tukuyu? Haifiki. Ukitoka Tukuyu kwenda kupanda treni, unatafuta gari stendi, unapita Kiwira, unapandisha hadi Uyole, unakata kushoto kuelekea Mbeya mjini na kuendelea mpaka stesheni ya TAZARA, upande wa barabara ya Tunduma. Ni kilomita sabini na kitu, na mara nyingi ni za mvua, si unajua tena hali ya hewa ya kwetu.

Sasa inakuwaje reli ambayo haipo wilayani iwe na habari nyingi kwenye familia za Rungwe? Twende taratibu.

MAHARI ILIVYOWAPELEKA VIJANA MBALI

Kijana wa Kinyakyusa wa miaka ya 1930 alikuwa na tatizo ambalo wewe msomaji unalijua vizuri tu: moyo umependa, mfuko umekataa. Mahari ilikuwa ng'ombe. Kama zizi la baba halikutosha, au kaka wakubwa walikuwa bado kwenye foleni, ilibidi ajitafutie mwenyewe.

Wengi walikwenda Lupa, kule Chunya, kwenye machimbo ya dhahabu. Wengine walivuka mpaka kwenda migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, na wengine wakafika hadi Afrika Kusini. Mwanaanthropolojia Monica Wilson, aliyefanya utafiti kwa Wanyakyusa katika miaka hiyo, aliandika jinsi mishahara ya mbali ilivyokuwa inageuka ng'ombe wa mahari nyumbani.

Utamu wa habari uko hapo, na uchungu pia. Mwanaume alikuwa anaondoka ili aoe, kisha anaondoka tena ili atunze aliyemuoa. Mwanamke anabaki na migomba, watoto na subira. Simu hakuna. Barua ikitumwa, inategemea kama kuna mtu anayekuja huku.

NCHI MBILI, NDOA YA NUSU KWA NUSU

Mwaka 1965 walowezi wa Rhodesia ya Kusini walijitangazia uhuru wao. Zambia, iliyokuwa imepata uhuru mwaka mmoja tu kabla, ikajikuta pabaya. Haina bahari, na shaba yake ilikuwa inapita kwa hao hao majirani wasioaminika. Rais Kaunda na Mwalimu Nyerere walitaka reli ya kuelekea Dar es Salaam. Nchi za Magharibi zikasema mradi haulipi. China ikasema tutajenga.

Mkataba ulisainiwa Beijing tarehe 5 Septemba 1967. China ilitoa mkopo usio na riba wa yuan milioni 988. Ujenzi ulianza mwaka 1970, reli ikakamilika mwaka 1975, na tarehe 14 Julai 1976 ikakabidhiwa rasmi. Kutoka Dar hadi New Kapiri Mposhi ni kilomita 1,860, na kati ya hizo 975 ziko Tanzania.

Kipande kilichowatoa jasho zaidi ni kati ya Mlimba na Makambako, ambapo reli inapanda kutoka bonde la Kilombero kwenda nyanda za juu kwa madaraja na mahandaki yanayofuatana. Zaidi ya Wachina 60 walipoteza maisha kwa ajili ya reli hii, na wengi wao wamezikwa Gongo la Mboto, Dar. Watanzania na Wazambia nao walifanya kazi kwa maelfu, na kwa vijana wengi wa kusini hiyo ndiyo ilikuwa ajira ya kwanza yenye mshahara bila kuvuka mpaka.

Na je, unajua sehemu ya juu kuliko zote kwenye reli hiyo iko wapi? Uyole! Mita 1,789 kutoka usawa wa bahari. Yaani pale pale ambapo gari la Tukuyu linaiacha barabara kuu ya Zambia, ndipo treni inapomaliza kupanda.

Reli yenyewe inamilikiwa na nchi hizi mbili kwa hisa sawa. Tangu mwanzo walikubaliana makao makuu yawe Dar na mkurugenzi mkuu atoke Zambia. Kila jambo kubwa ni lazima wote wawili wakubali. Wenye ndoa mnajua maana yake: ni haki, lakini maamuzi huchelewa.

KUISHI JIRANI BILA KUKUTANA

Kuna jambo la kiufundi linalochekesha kidogo. Reli ya Kati, ile ya kwenda Tabora na Kigoma, ina upana wa milimita 1,000. TAZARA ina milimita 1,067, sawa na Zambia na nchi za kusini, ili mabehewa yaweze kuendelea hadi huko. Matokeo yake, reli mbili zinaanzia jiji moja lakini behewa la huku haliwezi kupita kule. Tangu mwaka 1998 kuna sehemu Kidatu ya kuhamishia mizigo kutoka reli moja kwenda nyingine.

Mbeya nayo ina kazi yake. Kwa miaka mingi mizigo ya Malawi imekuwa ikishushwa hapo kutoka kwenye treni na kupakiwa kwenye malori yanayoteremka kupitia Tukuyu hadi mpakani Kasumulu. Kwa hiyo mkazi wa Tukuyu asiyewahi kuiona treni ameshapishana na mizigo yake barabarani mara kibao.

FURUSHI NI BARUA

Reli ilijengwa kwa ajili ya shaba, lakini wananchi waliigeuza yao. Mwanahistoria Jamie Monson, katika kitabu chake cha mwaka 2009 kuhusu reli hii, ameonyesha jinsi wakulima na wafanyabiashara wadogo walivyoitumia treni ya kawaida, ile inayosimama kila stesheni, kusafirisha mazao na kujenga maisha.

Watu wa Rungwe hawakubaki nyuma. Mkungu wa ndizi, gunia la viazi na mchele wa Kyela huenda Dar. Kutoka Dar hurudi vitenge, viatu vya watoto na sabuni. Ukipokea furushi la ndizi kutoka kwa mkweo, hujapewa chakula tu. Umeambiwa: tunakukumbuka, na wewe ukumbuke njia ya nyumbani. Hela ya simu inafika haraka zaidi, lakini haina harufu ya jiko la mama.

MIAKA YA KUTIA AIBU

Tusipambe mno. Reli iliyojengwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka haijawahi kufikia kiwango hicho, na mwaka 2014/15 ilibeba kama tani 88,000 tu. Injini zilichakaa na treni zilichelewa mpaka abiria wakazoea. Wafanyakazi walikaa miezi bila mshahara, wakagoma. Hapo tusizungumzie takwimu tu. Mshahara ukikosekana miezi mitatu, ada ya mtoto inakosekana, na maneno yanaanza chumbani.

Matumaini sasa yako kwenye mpango mpya. Septemba 2024 makubaliano ya awali yalisainiwa Beijing mbele ya marais wa Tanzania, Zambia na China. Mwaka 2025 ukasainiwa mkataba na kampuni ya Kichina ya CCECC, wenye thamani ya dola bilioni 1.4 na wa miaka 30, wa kuifufua na kuiendesha reli.

MKITAKA KUPANDA WAWILI

Kwanza, piganeni na ratiba mapema. Ulizeni stesheni kabla ya kuomba likizo, na mwacheni siku moja ya ziada kila upande. Msipange kufika asubuhi ya siku ya kutoa mahari!

Pili, hili wengi hawalijui: vyumba vya kulala hutenganishwa, wanawake kwao na wanaume kwao. Daraja la kwanza lina vitanda vinne kwa chumba, la pili sita. Mkitaka kulala chumba kimoja, nunueni vitanda vyote, au mtafute marafiki wa kujaza. Afadhali mlijue hili dirishani kuliko kununiana ndani ya treni.

Tatu, kaeni dirishani. Mkibahatika kupita Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mchana, mnaweza kuona twiga na tembo bila kulipa kiingilio.

Nne, zungumzeni. Kwa basi mtafika haraka zaidi, tena mkiwa mmelala. Treni inawapa karibu siku nzima, wakati mwingine zaidi, na mtandao unapotea maporini. Kama mna jambo mmekuwa mkiliahirisha, nani atahama, nani atabaki na wazazi, watoto watakulia Dar au Rungwe, mlimalize kabla ya Makambako. Wakwe wakiuliza, muwe na jibu moja.