Usingizi Unaochelewa: Soma Kabla ya Kununua Kidonge

Mteja anafika kwenye duka la dawa jioni, anaegemea kaunta na kusema kwa sauti ya chini: "Naomba kidonge cha usingizi." Akiulizwa tatizo limeanza lini, hujibu kuwa ndivyo alivyo tangu ujanani. Hupata usingizi saa 8 usiku, na akishalala hulala vizuri. Shida yake ni kwamba saa 1:30 asubuhi anatakiwa awe ofisini, darasani au kwenye kibanda chake sokoni. Makala haya yanamhusu mteja huyo, hasa akiwa mkazi wa Tabora au wa mji mwingine ulio kwenye njia ya zamani ya misafara iliyoelekea Ujiji.

Kwa kawaida mtu huyo si mgonjwa. Ndani ya ubongo wa kila mwanadamu imo saa inayoamua wakati wa kusinzia na wakati wa kuamka. Wanasayansi watatu wa Marekani, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2017 kwa kueleza jinsi vinasaba vinavyoendesha saa ya namna hiyo. Kwa watu wengi mzunguko wake huzidi saa 24 kidogo, hivyo hujichelewesha usiporekebishwa kila siku, na kirekebishi chake kikuu ni mwanga wa jua. Wapo ambao saa yao huchelewa kuliko ya wenzao. Sehemu ya hali hiyo hurithiwa. Huzidi katika miaka ya ujana, kisha hupungua umri unavyosonga. Kiswahili hakijawahi kuwapa watu wa usiku jina zuri, maana bundi kwetu ni ndege wa nuksi, na kijana asiyeamka mapema huitwa mvivu hata pale anapojisomea hadi usiku wa manane.

Kwa mkazi wa Tabora kuna jambo la ziada. Saa ya Afrika Mashariki hufuata jua la digrii 45 za longitudo ya mashariki, mstari unaopita karibu na Mogadishu na usiogusa ardhi ya Tanzania. Tabora iko karibu na digrii 33, na kwa kila digrii moja kuelekea magharibi jua huchelewa dakika 4. Maana yake ni kwamba saa ya ukutani mjini Tabora imelitangulia jua kwa takriban dakika 49. Waislamu wa mji huo hawahitaji kuelezwa hesabu hii: katika Ramadhani, adhana ya magharibi ya Dar es Salaam ikisikika redioni, wao husubiri dakika 25 hivi zaidi ndipo wafuturu. Asubuhi jua huchomoza Tabora kati ya saa 12:20 na saa 1:00, kutegemea mwezi. Mtumishi anayeripoti kazini saa 1:30, kwa hesabu ya jua ameripoti saa 12:40. Mwenzake wa Kigoma ameripoti mapema zaidi ya hapo.

Wapagazi wa Kinyamwezi hawakuwa na mgogoro huu. Jua la Ujiji huchelewa dakika 37 kulinganisha na la Bagamoyo, lakini msafara ulitumia miezi miwili hadi mitatu kufika Tabora pekee, na hakuna mwili unaohisi badiliko lililogawanywa kwa siku nyingi kiasi hicho. Waling'oa kambi alfajiri, wakatua mizigo kabla ya jua la utosi, na saa yao ilikuwa jua lenyewe. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na treni hufuata ratiba. Nchini Ujerumani, ambako jua huchelewa dakika 36 kutoka ukingo wa mashariki hadi wa magharibi, utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulionesha kwamba watu hulala na kuamka kwa kufuata jua la mahali walipo, ingawa saa zao za ukutani ni moja.

Kidonge hakibadilishi hali hiyo. Diazepam ni dawa ya kutolewa kwa cheti cha daktari, na sababu ni nzito. Mabaki yake huweza kukaa mwilini kwa siku kadhaa. Mazoea huweza kujengeka ndani ya wiki chache. Na aliyeitumia muda mrefu akiiacha ghafla anaweza kupata degedege. Ikichanganywa na pombe huweza kuzuia pumzi. Piritoni, ambayo wengi huitumia kama dawa ya usingizi, ni dawa ya mzio, na usingizi wake huweza kuendelea hadi asubuhi, wakati mtumiaji yuko juu ya bodaboda na abiria nyuma yake. Usipokee vidonge vilivyokunjwa kwenye karatasi bila jina la dawa, dozi na tarehe ya mwisho wa matumizi, hata kama muuzaji ni mtu unayemfahamu.

Kinachosaidia ni kuchagua saa moja ya kuamka na kuishika siku zote saba, Jumapili ikiwemo. Hapo ndipo wengi hushindwa, kwa kuwa usingizi wa kufidia wa mwisho wa wiki huirudisha saa ya mwili nyuma. Ukitaka kuisogeza, isogeze robo saa tu kila baada ya siku tatu au nne. Jua likichomoza, toka nje kwa nusu saa: tembea kwenda kazini au kunywa chai barazani, kwa sababu mwanga wa nje, hata siku ya mawingu, huzidi mara nyingi ule wa taa ya sebuleni. Usiku punguza taa na weka simu mbali na kitanda. Kahawa iishie mchana. Saa tano baada ya kuinywa, karibu nusu ya kafeini yake huwa bado imo mwilini. Vinywaji vya kuongeza nguvu navyo vina kafeini, nayo imeandikwa kwenye kopo kwa herufi ndogo.

Wako watakaoyafanya haya yote na bado wasisinzie kabla ya saa 6 usiku. Hao, kwa maoni yetu, wana haki ya kuomba zamu ya jioni pale inapopatikana, na iwe ya kudumu kuliko inayobadilika kila wiki.

Anayekoroma hadi pumzi kukatika, anayesinzia akiendesha chombo cha moto, au anayekosa usingizi kabisa kwa wiki kadhaa akiwa na huzuni, aende kituo cha afya. Abebe daftari lenye saa alizolala na kuamka kwa siku 14, na majina ya dawa zote anazotumia, zikiwemo za mitishamba.