Kupima Chuma Kabla ya Kukikata

Uigaji katika uhandisi ni kutumia hesabu za kompyuta kukadiria jinsi kifaa kitakavyobeba mzigo, kitakavyopinda, kitakavyopata joto au kutetemeka, kabla hakijatengenezwa. Zamani kazi hiyo ilikuwa na programu zake na wataalamu wake wa pekee. Siku hizi imo ndani ya programu zilezile za kuchorea, kama SolidWorks, Inventor, Fusion, Creo, NX, na FreeCAD ambayo hutolewa bure. Anayesanifu ekseli, fremu ya mashine au mkono wa kubebea tangi huweka mzigo juu ya mchoro wake, na baada ya dakika chache huonyeshwa sehemu iliyolemewa na sehemu yenye chuma cha ziada. Manufaa hayo ni makubwa. Hata hivyo, kompyuta hukokotoa kile ilichoelezwa tu, na maelezo yakiwa na kasoro, jibu nalo huwa na kasoro hata likipakwa rangi za kuvutia namna gani.

Hesabu na mchoro vilivyokutana

Hesabu zenyewe ni za zamani kuliko programu za kuchorea. Mwaka 1956, M. J. Turner, Ray Clough, H. C. Martin na L. J. Topp walichapisha makala kuhusu njia ya kukokotoa ukakamavu wa miundo yenye maumbo magumu. Kazi hiyo ilitokana na utafiti wa mabawa ya ndege katika kampuni ya Boeing. Mwaka 1960 Clough, aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliipa njia hiyo jina la elementi finaiti, ambalo linatumika hadi leo. Shirika la anga la Marekani, NASA, liligharimia programu ya NASTRAN katika miaka ya 1960, na mwaka 1970 John Swanson alianzisha kampuni iliyozaa ANSYS.

Uchoraji ulipita njia nyingine. Mwaka 1963 Ivan Sutherland, akiwa mwanafunzi wa MIT, alionyesha Sketchpad, programu iliyomwezesha mtu kuchora moja kwa moja kwenye kioo cha kompyuta kwa kalamu ya mwanga. Kwa miaka mingi baadaye mchoraji na mkokotoaji walifanya kazi mbali mbali. Mmoja alimaliza mchoro, mwingine akaupokea na kuujenga upya katika programu yake. Jibu liliporudi, mara nyingi usanifu ulikuwa umekwenda mbali kiasi kwamba kuubadilisha kulikuwa ghali. SolidWorks ilipotoka mwaka 1995 kwa kompyuta za kawaida za Windows, michoro ya pande tatu iliwafikia wasanifu wengi zaidi, na programu za hesabu kama COSMOS zikaunganishwa nayo. Tangu hapo umbo likibadilishwa kwenye mchoro, hesabu inaweza kurudiwa papo hapo bila kuchora upya.

Kinachofanyika ndani ya programu

Hakuna fomula moja ya kukokotoa kifaa chenye matundu, mikunjo na kona nyingi. Kwa sababu hiyo programu hukigawa kuwa vipande vidogo, yaani elementi, mara nyingi vya umbo la piramidi yenye nyuso nne, vinavyoshikana kwenye pembe zake. Pembe hizo huitwa nodi, na vipande vyote kwa pamoja huitwa wavu. Katika kila kipande uhusiano kati ya kani na kusogea ni rahisi kuuandika. Kompyuta huunganisha mahusiano hayo yote kuwa milinganyo mingi, pengine maelfu kwa maelfu, na kuifumbua kwa pamoja.

Kinachopatikana kwanza ni umbali ambao kila nodi imesogea. Kutokana na kusogea huko programu hupata kiasi ambacho nyenzo imevutika au kubanwa, na mwisho hupata mkazo, yaani kani inayoangukia kila kipimo cha eneo. Mkazo hupimwa kwa megapaskali, na megapaskali 1 ni niutoni 1 kwa kila milimita ya mraba. Kwa kuwa mkazo hutokana na kusogea, wavu mpana huweza kutoa makadirio mazuri ya mpindo huku makadirio yake ya mkazo yakiwa mbali na ukweli.

Mtumiaji hupewa kazi nne: kuchagua nyenzo, kuonyesha kifaa kimeshikiliwa wapi, kuweka mizigo, na kuamua ukubwa wa vipande vya wavu. Programu hukokotoa, kisha huonyesha umbo likiwa limepinda, na rangi kutoka bluu penye mkazo mdogo hadi nyekundu penye mkazo mkubwa. Mara nyingi mkazo unaoonyeshwa ni ule uliopewa jina la Richard von Mises, unaojumlisha mivuto na mibano ya pande zote kuwa namba moja inayoweza kulinganishwa na nguvu ya nyenzo.

Mfano wa mkono wa chuma

Bapa la chuma lenye upana wa milimita 50, unene wa milimita 10 na urefu wa milimita 300 limefungwa ukutani upande mmoja. Mwisho wake wa pili unabeba kani ya niutoni 500, sawa na uzito wa kilo 50 hivi. Hesabu ya kitabuni inatoa mkazo wa megapaskali 180 penye mzizi wa bapa, na ncha yake inashuka milimita 5.4. Chuma laini cha kawaida huanza kupinda bila kurudi penye megapaskali 250 hivi. Kwa hiyo kigezo cha usalama, yaani 250 kugawanywa kwa 180, ni 1.4 tu, na hicho ni kidogo kwa kitu kitakachotikiswa au kuongezewa mzigo.

Unene ukiongezwa hadi milimita 12, mkazo hushuka hadi megapaskali 125, kigezo cha usalama hufika 2, na ncha hushuka milimita 3.1. Gharama yake ni chuma zaidi kwa asilimia 20. Lakini bapa lile la kwanza, lenye unene wa milimita 10, likisimamishwa kwa ubavu ili upana wake wa milimita 50 uwe ndio urefu wa kwenda juu, mkazo huanguka hadi megapaskali 36 na ncha hushuka milimita 0.2 tu. Hakuna gramu iliyoongezwa. Kilichobadilika ni mwelekeo, ingawa sasa mkono ni dhaifu zaidi ukisukumwa kutoka pembeni. Maswali ya namna hii ndiyo yanayofaa kuulizwa mapema, wakati kubadilisha umbo ni suala la kusogeza mistari. Kwa umbo lenye matundu na mikunjo, ambalo halina fomula ya kitabuni, uigaji huyajibu kwa kasi ileile.

Makosa yanapoingia

Kosa la kawaida zaidi huwa kwenye viegemeo. Mtumiaji akichagua kwamba uso mzima wa nyuma haujongei, programu huuchukua ukuta kuwa kitu kisichosogea hata kidogo. Bolti halisi huvutika, bamba hubonyea, na zege huachia. Matokeo yake, mkono unaoonekana mkakamavu kwenye kompyuta unaweza kulegea zaidi ukishafungwa. Katika mchoro wenye sehemu kadhaa, programu nyingi huanza kwa kudhani kwamba sehemu zinazogusana zimegandishwa moja kwa moja. Asiyebadilisha dhana hiyo anaweza kukokotoa kifaa cha kipande kimoja, ilhali fundi atakiunga kwa bolti mbili.

Kosa la pili ni la kona za ndani. Kona kali isiyo na mviringo hutoa mkazo unaopanda kila wavu unapofanywa mdogo, wala haufiki kikomo. Namba ya hapo haina maana. Dawa yake ni kuchora mviringo ambao kifaa halisi kitakuwa nao, au kusoma mkazo mbali kidogo na kona hiyo.

Kosa la tatu ni kusahau mipaka ya hesabu ya kawaida. Hesabu hiyo hudhani kwamba mzigo ukizidi mara mbili, mkazo na mpindo navyo huzidi mara mbili, na kwamba nyenzo hurudi katika umbo lake mzigo ukiondolewa. Ikionyesha megapaskali 400 katika chuma cha megapaskali 250, namba hiyo si kipimo tena. Inasema tu kwamba kifaa kimezidiwa. Aidha, nguzo ndefu na nyembamba inaweza kujikunja ghafla kabla mkazo haujawa mkubwa, na ekseli inayozunguka mara mamilioni inaweza kupasuka kwa mkazo ulio chini ya ule unaokipinda chuma bila kurudi. Kila hali ya hizo ina aina yake ya hesabu, na mtumiaji ndiye anayepaswa kuichagua.

Funzo la Sleipner A

Uzito wa makosa haya ulionekana Norway tarehe 23 Agosti 1991. Katika hori ya Gandsfjorden, karibu na Stavanger, msingi wa zege wa jukwaa la baharini la Sleipner A ulikuwa ukishushwa majini taratibu kwa majaribio. Ukuta wa seli mojawapo ya zile zilizounda msingi huo ulipasuka, maji yakaingia kwa kasi kuliko pampu zilivyoweza kuyatoa, na msingi wote ukazama na kusagika kwenye sakafu ya hori yenye kina cha mita 220 hivi. Hakuna aliyekufa, lakini hasara ilikadiriwa kufika dola milioni 700 za Marekani.

Uchunguzi ulionyesha kwamba hesabu za NASTRAN zilifanywa kwa wavu usiotosheleza mahali kuta za seli zinapokutana. Mkazo wa kukata ukuta ulikadiriwa pungufu kwa asilimia 47, kuta zikajengwa nyembamba mno hapo, na nondo hazikutiwa nanga ipasavyo. Hesabu zilizofanywa baadaye kwa uangalifu zilionyesha kwamba msingi huo ungeshindwa ukifika kina cha mita 62. Kwa kweli ulishindwa penye mita 65. Kwa hiyo njia ya elementi finaiti ilikuwa na uwezo wa kuiona hatari, na wavu bora ungeifichua.

Kulihakiki jibu

Hatua chache hutenganisha jibu la kutegemewa na picha ya rangi. Kwanza, umbo lililopinda hutazamwa. Kifaa kikipinda upande usiotarajiwa, kiegemeo au mzigo umewekwa vibaya. Pili, kani zinazorudishwa na viegemeo hujumlishwa. Mzigo ukiwa niutoni 500 kwenda chini, viegemeo lazima virudishe niutoni 500 kwenda juu. Tatu, wavu hupunguzwa ukubwa na hesabu kurudiwa hadi mkazo uache kubadilika kwa kiasi cha maana. Nne, umbo hurahisishwa na kulinganishwa na hesabu ya mkono, kama ile ya bapa hapo juu. Anayejifunza anaweza kujipima kwa bamba pana lenye tundu dogo la duara. Likivutwa, mkazo ukingoni mwa tundu unapaswa kukaribia mara 3 ya ule ulio mbali nalo, jibu linalojulikana tangu kazi ya Mjerumani Kirsch mwaka 1898.

Zana zilizomo ndani ya programu za kuchorea zinafaa zaidi kwa kulinganisha maumbo mapema, kuondoa chuma kisichofanya kazi na kugundua udhaifu ulio wazi. Kifaa kinachobeba maisha ya watu, kama sehemu za breki, kreni au tangi la gesi, bado kinahitaji hesabu za mhandisi mwenye ujuzi, kanuni za usalama zinazohusika, na majaribio ya kifaa halisi. Vyuo vya ufundi na karakana zisizo na fedha za leseni zinaweza kuanza na FreeCAD pamoja na CalculiX, programu ya bure inayoifanyia hesabu. Mwanafunzi anayeitumia huku akiwa na kalamu na kikokotoo kando hujifunza mambo mawili kwa wakati mmoja: jinsi chuma kinavyobeba mzigo, na jinsi ya kujua ni lini kompyuta imepewa maelezo yasiyo sahihi.