Walivuliwa ubingwa, wakarudi na kushinda mechi zote 19: kisa cha timu ya Howard na maana yake kwako

Kama unacheza au unafuatilia mpira katika ligi ya makazi, unajua malumbano yanayokuja baada ya fainali. Timu iliyofungwa inakata rufaa: "Yule namba tisa umri wake umepita." Au: "Huyu si wa zoni yenu." Mara nyingine rufaa hiyo ni ya haki. Mara nyingine ni njia ya kumwondoa mgeni kwa sababu anajua mpira.

Makala hii inaeleza kisa cha kweli cha timu ya chuo kikuu iliyopitia mambo hayo. Ilipoteza kombe kwa sababu ya kanuni na karatasi, ikaenda mahakamani, kisha ikamaliza msimu mzima bila kufungwa mechi hata moja. Kama una ndoto ya kucheza au kusoma mbali na hapa ulipo, kina mambo ya kukufaa.

Ilikuwa timu gani?

Chuo Kikuu cha Howard kiko Washington, mji mkuu wa Marekani. Kilianzishwa mwaka 1867, miaka miwili baada ya utumwa kufutwa nchini humo, wakati vyuo vingi vilikuwa havipokei watu Weusi.

Wamarekani wakitaja "futiboli" wanamaanisha mchezo mwingine, ule wa kofia ngumu ambao mpira hubebwa mikononi. Mpira wa miguu tunaoujua sisi wanauita soka. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 soka haikuwa na mashabiki wengi huko. Lakini Howard ilikuwa na wanafunzi wengi kutoka Trinidad na Tobago, Jamaika, Nigeria, Guinea na nchi nyingine, vijana waliokuwa wamecheza mpira tangu utotoni. Kocha wao, Lincoln Phillips, alikuwa kipa kutoka Trinidad.

Mwaka 1971 timu hiyo ilifika fainali ya taifa ya vyuo, mjini Miami. Ilikutana na Chuo Kikuu cha Saint Louis, kilichokuwa bingwa wa 1969 na 1970 na ambacho wachezaji wake wengi walikuwa vijana wa Marekani. Howard ilishinda 3-2. Hakuna chuo cha kihistoria cha watu Weusi kilichokuwa kimewahi kutwaa ubingwa huo.

Kwa nini walivuliwa ubingwa?

Mashindano hayo husimamiwa na chama cha michezo ya vyuo kiitwacho NCAA. Baada ya ushindi, chama kilichunguza usajili wa wachezaji wa Howard. Matokeo yake, chuo kilivuliwa ubingwa wa 1971, kikafutiwa matokeo ya mashindano ya 1972, na msimu wa 1973 kikazuiwa kuingia mashindano ya kumaliza msimu.

Kanuni zilizobishaniwa zilikuwa za aina mbili, na ni muhimu kuzitenganisha.

Aina ya kwanza ni kanuni zilizomhusu kila mwanafunzi. Moja ilisema mchezaji amalize miaka yake ya kucheza ndani ya miaka mitano tangu alipojiandikisha chuoni kwa mara ya kwanza. Nyingine ilitaka chuo kionyeshe, kwa alama za shule na za mitihani ya kuingilia, kwamba mwanafunzi anatarajiwa kufikia kiwango fulani cha masomo.

Aina ya pili ilikuwa kanuni ya wageni peke yao. Kama mwanafunzi si raia wa Marekani na alicheza katika timu yoyote nchini kwake baada ya kutimiza miaka 19, kila mwaka aliocheza ulihesabiwa kana kwamba ameshachezea chuo. Kijana aliyecheza timu ya mtaani Trinidad akiwa na miaka 20 na 21 alikuwa amepoteza miaka miwili kabla hajafika Marekani. Mwenzake raia aliyecheza timu ya mtaani kwao Marekani kwa umri uleule hakupoteza kitu.

Mahakama ilisema nini?

Howard haikuishia kulalamika. Ilikishtaki chama hicho. Mwaka 1973 jaji alitoa uamuzi, na mwaka 1975 mahakama ya rufaa ikaukubali.

Kuhusu kanuni ya wageni, Howard ilishinda. Mahakama ilisema kanuni hiyo inavunja haki ya watu wote kulindwa sawa na sheria. Kuwa mgeni hakukuwa sababu ya kutosha ya kumwekea mtu mzigo ambao raia haubebi.

Kuhusu kanuni za aina ya kwanza, Howard ilishindwa. Zilimhusu kila mtu, na chuo kilikuwa kimezivunja. Kwa hiyo adhabu ilibaki, na kombe la 1971 halikurudishwa hadi leo.

Kwa maneno mengine, kesi iliifuta kanuni ya kibaguzi na kuwafungulia njia wanafunzi wa kigeni waliokuja baadaye, lakini haikuyafuta makosa ya chuo chenyewe.

Msimu wa 1974

Adhabu ilipokwisha, Howard iliingia tena mashindanoni. Wapo waliosema kombe la 1971 halikuwa halali yao. Njia pekee ya kuwajibu ilikuwa uwanjani, na safari hii usajili usiwe na doa.

Timu ilicheza mechi 19 ikashinda zote 19. Ilifunga mabao 63 na kufungwa 6 tu.

Fainali ya Desemba 1974 ilichezwa mji wa St. Louis, na mpinzani alikuwa yuleyule: Saint Louis, bingwa wa 1972 na 1973, akicheza nyumbani kwake. Dakika za kawaida ziliisha 1-1. Muda wa nyongeza ukaanza, ukaongezwa tena na tena. Katika kipindi cha nne cha nyongeza, Kenneth Ilodigwe, kijana wa Nigeria, alifunga bao la pili. Howard 2, Saint Louis 1. Ubingwa huo haujapingwa na mtu.

Hiki kinakuhusu vipi?

Kwa mkimbizi, karatasi zinaweza kufungua mlango au kuufunga. Kijana anaweza kuwa na kipaji na alama nzuri, akakwama kwa sababu tarehe ya kuzaliwa kwenye cheti cha shule haifanani na ile ya usajili. Haya unaweza kuyafanya sasa:

1. Linganisha tarehe zako. Angalia jina na tarehe ya kuzaliwa kwenye hati ya usajili, kadi ya kliniki na vyeti vya shule. Ukikuta tofauti, nenda mapema katika ofisi inayosajili wakimbizi hapo ulipo uombe marekebisho. Usisubiri siku ya kuomba chuo au kusajiliwa katika timu.

2. Usipunguze umri. Huenda kocha au jamaa akakwambia ukiandikwa mdogo utacheza zaidi. Howard ilipoteza kombe zima kwa makosa ya usajili, na walioumia walikuwemo wachezaji ambao hawakuwa na kosa lolote.

3. Linganishiwa vyeti. Kama ulisoma Kongo, Burundi au kwingine, vyeti vyako vya sekondari vinahitaji kutambuliwa katika nchi uliyopo. Tanzania kazi hiyo hufanywa na NECTA, na Uganda na UNEB. Tunza nakala mahali tofauti na vyeti halisi.

4. Soma kanuni kabla ya kuanza. Iwe ligi au ufadhili wa masomo kama DAFI wa UNHCR, uliza masharti ya umri, miaka ya masomo na tarehe za mwisho.

5. Kanuni ikikubagua, ipinge kwa njia halali. Jiulize kwanza: inamhusu kila mtu, au mgeni tu? Kama ni mgeni tu, andika malalamiko, tunza nakala, na tafuta msaada wa kisheria unaotolewa katika makazi.

Kwa ndugu zetu wenyeji

Wapo wanaohofia kwamba wageni wakicheza, watoto wa nyumbani watakosa nafasi.  Lakini Saint Louis haikukoma kushinda: iliitwa bingwa mara mbili kati ya fainali hizo mbili, na ilimsukuma Howard hadi kipindi cha nne cha nyongeza. Mpinzani mzuri huwakomaza vijana wa pande zote mbili.

Kwa hiyo kabla ligi ijayo haijaanza, kamati za michezo za wenyeji na wakimbizi zikae pamoja, ziandike kanuni moja kwa wote, na zibandike orodha za wachezaji mapema. Mwenye swali aulize siku hiyo, kabla kombe halijatolewa.