Nyota ikizimika mara mbili

Usiku wa Julai 17, 2017, katika mji wa Comodoro Rivadavia, kusini mwa Argentina, taa za barabarani zilizimwa na barabara kuu ya taifa ikafungwa kwa saa mbili. Hayakuwa mapinduzi, wala haukuwa msafara wa rais. Watu waliegesha malori yao ili yakinge upepo, na nyuma ya malori hayo wataalamu wa falaki wakasimamisha darubini. Walikuwa wakisubiri nyota moja hafifu izimike kwa muda wa kufumba na kufumbua.

Nilipolisimulia jambo hili katika chumba cha habari, mwenzangu mmoja aliuliza kama kweli serikali yenye akili timamu inaweza kufunga barabara kwa ajili ya nyota. Swali lake ndilo lililonileta mbele ya maikrofoni juma hili.

Sote tunafahamu kupatwa kwa jua na kupatwa kwa mwezi. Nyota nazo hupatwa. Huko angani yapo mawe makubwa yanayolizunguka jua, mengi yao kati ya Mirihi na Mshtarii, nayo huitwa asteroidi. Jiwe la namna hiyo likipita mbele ya nyota, kivuli chake huanguka duniani. Kwa kuwa nyota iko mbali mno, kivuli hicho hakitanuki: jiwe la kilometa 60 hutupa kivuli cha upana wa kilometa 60 hivi, nacho hukimbia juu ya nchi kilometa kadhaa kwa kila sekunde. Aliyemo katika njia yake huona nyota ikipotea sekunde chache kisha ikarudi. Aliye nje ya njia haoni badiliko lolote.

Sasa fikiria umesimama usiku kando ya barabara isiyo na taa, unatazama kibatari cha muuza karanga upande wa pili. Lori lisilowasha taa likipita, kibatari kinapotea. Lori hulioni, lakini ukijua mwendo wake na ukahesabu muda, utajua urefu wake. Je, kibatari kikipotea, kikachungulia kidogo, kisha kikapotea tena? Utasema lori lile lina tela. Na asteroidi ni vivyo hivyo. Nyota ikizimika mara mbili, huenda mawe ni mawili, yanazungukana.

Nasema huenda, kwa sababu hapo ndipo ugomvi ulipoanzia.

Machi 5, 1977, asteroidi iitwayo Hebe ilipita mbele ya nyota. Mtazamaji mmoja huko Texas, Marekani, mbali na njia ya kivuli chenyewe, alisema aliona nyota ikipotea kwa nusu sekunde. Je, ulikuwa mwezi wa Hebe? Au ndege alipita? Au ni jicho lililochoka? Mwaka uliofuata, Juni 7, 1978, asteroidi Herculina nayo ikaficha nyota, na safari hii nyota ilififia kwa muda mfupi kabla ya tukio lenyewe. Wapo walioamini kabisa kwamba mwezi umepatikana. Mwaka 1993 darubini ya Hubble, iliyoko angani, ikaipiga picha Herculina, na mwezi haukuonekana.

Kichekesho ni kwamba Agosti mwaka huohuo chombo cha anga Galileo kiliipita asteroidi Ida, na picha zake zilipochunguzwa Februari 1994, kando ya Ida palionekana kijimwezi cha upana wa kilometa moja na nusu hivi. Kwa hiyo waliosema asteroidi zaweza kuwa na miezi walisema kweli. Waliouonyesha mwezi kwenye Herculina ndio waliopotoka.

Mimi siwacheki. Miaka ya nyuma nilipigiwa simu na mtu mmoja akasema daraja fulani limechukuliwa na maji, nami nikalitangaza katika taarifa ya saa moja. Mabasi yakageuza. Daraja lilikuwa zima. Kilichobebwa na maji ni kalvati la njia nyingine. Chuoni nilikuwa nimefundishwa kutafuta shahidi wa pili, lakini saa ilikuwa imekwisha, na habari ilikuwa tamu.

Linganisha na yaliyotokea siku tano tu baada ya tukio la Hebe. Machi 10, 1977, wanasayansi waliokuwa ndani ya ndege juu ya Bahari ya Hindi walikuwa wakisubiri sayari Uranus iifiche nyota. Nyota ikafifia mara kadhaa kabla sayari haijaifikia. Wangeishia hapo, ubishi usingekwisha. Lakini sayari ilipokwisha kupita, nyota ikafifia tena upande wa pili, kwa mpangilio uleule. Ndivyo pete za Uranus zilivyogunduliwa.

Kwa asteroidi, shahidi wa pili ni mtu mwingine mwenye darubini, kilometa chache pembeni. Shida ni kujua asimame wapi. Ukikosea mahali pa asteroidi angani kwa kipimo kidogo mno, kama upana wa sarafu inayotazamwa kutoka kilometa kadhaa, kivuli ulichokitangaza kitaanguka mamia ya kilometa mbali. Tena kama mawe ni mawili, hesabu inazidi kuwa ngumu. Chukua Antiope, ambayo mwaka 2000 ilijulikana kuwa mawe mawili yanayokaribiana kwa ukubwa, kila moja na upana wa karibu kilometa 90, vitovu vyake vikiachana kilometa 170 hivi. Yanazungukana kwa saa 16 na nusu. Hivyo haitoshi kujua Antiope itapita saa ngapi. Lazima ujue dakika hiyo kila jiwe liko upande gani wa mwenzake, maana vivuli ni viwili na huenda vikapita miji tofauti. Julai 19, 2011 makumi ya watazamaji walijipanga magharibi mwa Marekani, na vipimo vyao vikachora maumbo ya mawe yote mawili.

Faida yake nini? Mwendo wa mawe yanayozungukana hutupa uzito wake, na vivuli hutupa ukubwa. Ukivijua viwili hivyo unajua kama ni mwamba mzima au ni lundo la kokoto lenye mianya. Antiope ni nzito kidogo tu kuliko maji ya ujazo uleule, yaani ndani yake mna mianya mingi. Siku asteroidi ikija kutulenga sisi, anayetaka kuisukuma atapenda kujua anasukuma nini.

Chombo cha Ulaya kiitwacho Gaia, kilichorushwa mwaka 2013, kiliziandikia nyota orodha sahihi mno, na utabiri ukatengemaa. Mei 19, 2021 watazamaji wawili wa Australia, watu wanaofanya kazi hii kwa mapenzi tu, walinasa asteroidi Arecibo ikizima nyota mara mbili. Safari hii hawakuachwa peke yao. Juni 9, wenzao wa California wakasubiri kivuli kingine cha Arecibo, nao wakaona mawili.

Na kule Argentina? Kabla ya usiku ule, Juni 3, darubini zilipangwa Argentina na Afrika Kusini, na hakuna hata moja iliyokipata kivuli. Julai 17 zilikuwa 24, na tano zikakipata. Umbo lililotokea lilionekana kama mawe mawili yaliyokaribiana au kugusana. Januari 1, 2019 chombo New Horizons kikapita hapo, zaidi ya kilometa bilioni sita kutoka kwetu, kikapiga picha ya kitu hicho, ambacho leo kinaitwa Arrokoth: mawe mawili yaliyogandana.

Mwenzangu wa chumba cha habari sasa anataka kujua wale 19 waliokosa walilipwa nini. Nimemweleza kwamba fomu zao nazo hutunzwa. Aliyeandika kwamba nyota yake haikuzimika ndiye anayeonyesha ukingo wa jiwe ulikoishia.