Kigong'ota Hataki Makombo

Wako watu wapendao ndege ambao kila asubuhi hutupa mtama na makombo ya ugali uani, kisha hushangaa kwamba kigong'ota hashuki kamwe. Hana kiburi; ni kwamba chakula chake kimo ndani ya mti.

Kigong'ota tumwonaye mara nyingi hapa Kenya, katika misitu ya migunga, mashambani na hata katika bustani za mjini, ni mdogo sana, urefu wake kama sentimeta 15 tu. Wataalamu humwita Dendropicos fuscescens. Kifua chake ni cheupe chenye michirizi myeusi, na paji lake ni la kahawia, dume na jike. Tazama nyuma ya paji hilo: dume ni mwekundu mpaka kisogoni, jike ni mweusi. Yuko mwingine, mkubwa kuliko huyu, mwenye madoa kifuani badala ya michirizi, na jike wa huyo ana wekundu kisogoni. Basi mtu asiwachanganye.

Akiwa kazini hujishika kwa vidole viwili mbele na viwili nyuma, akaegemea mkia wake mgumu, akagonga kwa mdomo hata gome lipasuke. Kisha huingiza ulimi mrefu akavuta mabuu ya mbawakawa. Hula sisimizi na viwavi pia. Tena huenda shambani, akatoboa mabua ya mahindi na kuwatoa funza walioingia ndani. Kazi hiyo mkulima hailipii hata senti moja.

Hata hivyo wapo wanaomrushia mawe wakidai kwamba anaua miti. Huo ni uonevu. Agongapo mara nyingi ni pale palipokwisha kuingiwa na wadudu, na tundu la kutagia hulichimba katika mti uliokufa, mara nyingi upande wa chini wa tawi lililoinama. Akisha kuhama, ndege wadogo wasioweza kuchimba hulirithi.

Basi atakaye kumlisha asimwekee nafaka. Amwachie tawi kavu. Najua kuni ni haba, na tawi lililo juu ya paba la nyumba au njia ya watoto sharti likatwe; lakini lile lililo pembeni mwa shamba, lisilomdhuru mtu, liacheni lisimame. Hapo sikilizeni mgongo mwepesi wa haraka haraka, kisha mtazame vizuri, maana kwa kawaida huja wawili.