Taa Zinapowashwa Mchana: Onyo la Tochi na Majeraha ya Mwendo Kasi

Anayesafiri asubuhi kutoka Bunju kuelekea Mwenge, au kutoka Kongowe kuja Mbagala Rangi Tatu, hakawii kuliona jambo hili. Gari linalotoka upande wa pili huwasha taa kubwa mara mbili tatu mchana kweupe, kisha huzizima. Dereva anayewashiwa huondoa mguu kwenye mafuta papo hapo, hunyoosha mkono kushukuru, na baada ya mita mia kadhaa humpita askari wa usalama barabarani aliyesimama kivulini akiwa na kipima mwendo mkononi. Kifaa hicho madereva wamekiita tochi, na anayenaswa nacho husemwa kuwa amepigwa tochi. Ishara ya taa, au ya kiganja kinachopunga kuelekea chini, ina maana moja tu: punguza, mbele kuna tochi. Askari akishapotea kwenye kioo cha nyuma, mguu hurudi kwenye mafuta.

Kwa madereva wenyewe huo ni wema. Dereva wa daladala humwonya dereva wa lori asiyemfahamu, na mwenye gari dogo humwonya bodaboda ambaye dakika tano kabla walikuwa wakigombania njia. Asiyewaonya wenzake huonekana mchoyo. Wala desturi hii haikuzaliwa Dar es Salaam. Mwaka 1905 wenye magari wa Uingereza waliunda chama chao, Automobile Association, na kazi ya kwanza ya watumishi wake waliopanda baiskeli ilikuwa kuwaonya wanachama juu ya mitego ya polisi ya kupima mwendo. Mahakama ilipoanza kuwatia hatiani wanaotoa onyo hilo, chama kilibuni ujanja: mtumishi alipaswa kumpigia saluti kila mwanachama, na siku ambayo hakupiga saluti, mwanachama alielewa mwenyewe kwamba mbele kuna mtego. Ni vigumu kumshtaki mtu kwa kukosa adabu.

Swali la afya ya jamii si la adabu wala la ujanja. Ni la hesabu: onyo hilo linaokoa nini, na linaacha nini bila kuokolewa?

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inaweka ukomo wa kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi, na kilomita 80 kwa saa nje ya maeneo hayo kwa mabasi ya abiria na magari yenye uzito unaozidi tani tatu na nusu. Faini ya papo kwa papo imekuwa kwa miaka mingi shilingi 30,000 kwa kosa. Hicho ndicho dereva anachookoa anapowashiwa taa. Kwa dereva wa daladala si fedha ndogo, maana mara nyingi hana mshahara wa kueleweka. Anatakiwa apeleke "hesabu" ya mwenye gari kila jioni, anunue mafuta, ampe konda chake, na kinachobaki ndicho cha nyumbani. Foleni ikimla saa mbili asubuhi, hujaribu kuzifidia mahali barabara inapofunguka. Atakayemlaumu dereva huyo bila kuitazama hesabu yake ataiona nusu tu ya tatizo.

Lakini muda unaofidiwa ni mdogo kuliko unavyohisiwa. Kilomita 10 kwa mwendo wa 50 huchukua dakika 12. Kwa mwendo wa 70 huchukua dakika nane na nusu hivi, na hapo ni kama hakuna taa nyekundu, kituo, wala foleni njiani. Dakika tatu na nusu hizo humezwa na makutano moja tu ya Mwenge au Tazara.

Gharama yake inaonekana pale mtoto anapokimbia kuvuka. Chukulia magari mawili yenye breki nzuri kwenye lami kavu, na madereva wawili walio makini, kila mmoja akihitaji sekunde moja tangu kuona hatari hadi kukanyaga breki. Anayekwenda kilomita 50 kwa saa husafiri mita 14 katika sekunde hiyo, kisha mita nyingine 14 breki zikifanya kazi, na husimama kwenye mita ya 28. Anayekwenda 70 hutumia karibu mita 20 kabla hata mguu haujagusa breki. Mtoto akiwa mita 29 mbele, dereva wa kwanza anasimama, anashtuka, pengine anatukana, na mtoto anafika shuleni. Wa pili, akiwa amekanyaga breki kwa nguvu zake zote, humfikia mtoto huyo akiwa bado na mwendo wa zaidi ya kilomita 55 kwa saa. Tofauti yao kwenye dashibodi ilikuwa 20 tu.

Sababu ni kwamba nguvu iliyomo katika gari linalotembea hukua kwa mraba wa mwendo. Mwendo ukitoka 50 kwenda 70, nguvu hiyo karibu inaongezeka maradufu, na yote lazima iishie mahali fulani: katika breki, katika bati, au katika mwili. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila ongezeko la asilimia 1 la wastani wa mwendo huongeza hatari ya ajali yenye kifo kwa asilimia 4, na kwamba mtembea kwa miguu anayegongwa na gari kwa 65 ana hatari ya kufa mara nne na nusu kuliko anayegongwa kwa 50. Shirika hilo lilihesabu vifo milioni 1.19 vya ajali za barabarani duniani kwa mwaka 2021. Kwa watu wenye umri wa miaka 5 hadi 29, hiki ndicho chanzo kikuu cha vifo, na zaidi ya nusu ya wanaokufa ni watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na wapanda pikipiki.

Kinachotokea ndani ya mwili

Wanaofanya kazi katika vitengo vya dharura vya hospitali za Temeke, Mwananyamala na Amana, na katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, hawahitaji kuelezwa. Wagonjwa na ndugu zao, hata hivyo, mara nyingi hushangaa inakuwaje mtu aliyegongwa mara moja awe na majeraha matatu yasiyokaribiana. Bampa hupiga mguu, na mfupa wa muundi au wa paja huvunjika. Mwili hupinduliwa juu ya boneti, ndipo kichwa hukutana na kioo. Kisha mtu huanguka chini, na lami humpiga kwa mara ya tatu. Kwa mtoto mfupi bampa hufikia paja au nyonga na boneti hufikia kifua na kichwa, kwa hiyo viungo vya ndani hupata pigo ambalo kwa mtu mzima lingeishia mguuni.

Ubongo una msiba wake. Fuvu likisimama ghafla, ubongo uliomo ndani huendelea kusogea, hugonga ukuta wa mfupa, na nyuzi zake nyembamba huvutika hadi kukatika. Mgonjwa wa namna hii anaweza asiwe na jeraha lolote la nje. Ndugu huambiwa "hana hata mkwaruzo", wakashukuru, kisha wakagundua wiki kadhaa baadaye kwamba aliyerudi nyumbani husahau majina, hukasirika ovyo na hawezi tena kazi yake. Uti wa mgongo ukikatika, maisha huhamia kitandani na kwenye kiti cha magurudumu: vidonda vya mgandamizo, mpira wa mkojo, maambukizi yanayojirudia, na mtu mmoja wa familia, mara nyingi mke au mama, anayeacha biashara yake ili auguze. Ukiweka gharama hizo upande mmoja wa mizani na faini upande wa pili, mizani haisogei kabisa upande wa faini.

Je, onyo halimfanyi dereva apunguze mwendo?

Hii ndiyo hoja ya madereva, nayo inastahili kusikilizwa. Kama lengo la trafiki ni watu wapunguze mwendo, basi aliyewasha taa amemsaidia kazi. Ni kweli kwa mita mia kadhaa. Uchunguzi wa mwendo wa magari katika nchi mbalimbali umeonyesha kwamba madereva hupunguza mbele ya askari anayeonekana na kurudi kwenye mwendo wao ndani ya kilomita chache. Onyo la taa hukifanya kipande hicho kuwa kifupi zaidi, kwa sababu humwambia dereva mahali pa kupunguza na, bila kusema, mahali pasipo na haja ya kupunguza. Asiyejua tochi iko wapi hulazimika kuendesha kana kwamba inaweza kuwa popote, na hiyo ndiyo faida yote ya tochi. Mtoto wa Mbagala havukii alipo askari. Huvukia mbele ya nyumba yao.

Kuna malalamiko mengine ya haki. Kibao cha 50 kikifichwa na matawi, au kikasimama mahali barabara ilipo pana na nyeupe bila nyumba, dereva huona ametegwa tu, hakulindwa. Askari anayejibanza nyuma ya kichaka huthibitisha dhana hiyo, na kila noti inayopita mkono kwa mkono bila stakabadhi huithibitisha mara mbili. Heshima kwa ukomo wa mwendo haiwezi kujengwa juu ya hisia kwamba ukomo ni biashara ya mtu. Vibao na alama za barabara kuu kama ya Kilwa, Bagamoyo na Morogoro ni jukumu la TANROADS, na za mitaa ni la TARURA. Malalamiko ya kibao kisichoonekana yapelekwe huko, kwa maandishi, na serikali ya mtaa ikiwa shahidi.

Tena si kila taa inayowashwa ni ya kulaumiwa. Dereva anayemwonya mwenzake kuwa lori limekufa kwenye kona, kuna ajali, au ng'ombe wanavuka, anaokoa uhai. Lugha ni ileile. Kinacholindwa ndicho kinachotofautiana.

Kinachopunguza mwendo bila kujali nani ameonywa ni barabara yenyewe. Tuta haliwashiwi taa, na halichukui kitu kidogo. Dar es Salaam ina ushahidi wake wa nyumbani: shirika la Amend, kupitia mpango uitwao SARSAI, liliweka matuta, vivuko, njia za miguu na alama kuzunguka shule za msingi zilizo katika hatari kubwa, na utafiti uliofanyika jijini ulionyesha kuwa majeraha ya wanafunzi barabarani yalipungua kwa takriban asilimia 26. Mwaka 2019 mpango huo ulipata tuzo ya kimataifa ya miji, WRI Ross Prize. Kazi hiyo haikuhitaji teknolojia ngeni. Ilihitaji kujua ni shule ipi watoto wake wanagongwa, na hapo ndipo wahudumu wa afya wana kitu ambacho polisi hawana. Faili linaloandika "ajali ya barabarani" peke yake halimsaidii mhandisi. Faili linaloandika kuwa mtoto wa miaka tisa aligongwa na bajaji saa moja asubuhi akivuka kwenda shule, na mahali alipogongwa, likijumlishwa na mengine kumi ya mahali hapohapo, ni ombi la tuta.

Majeruhi akiwa barabarani, asivutwe mikono wala kukalishwa ikiwa amegongwa kwa kasi. Shingo na mgongo wake vishikiliwe vikiwa vimenyooka, na damu inayotoka izuiwe kwa kitambaa safi kilichokandamizwa. Fomu ya polisi, PF3, ina kazi yake, lakini matibabu ya dharura huanza na fomu hufuata. Aliyepigwa kichwa akaruhusiwa kurudi nyumbani asilale peke yake usiku wa kwanza. Maumivu ya kichwa yanayozidi, kutapika mara kwa mara, usingizi usio wa kawaida, degedege, mkono au mguu kulegea, au maji na damu kutoka masikioni au puani: dalili mojawapo ikitokea, arudishwe hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.