Mwendo wa Kamera na Maana Yake: Kutoka Uvira hadi Njia ya Kolwezi

Abiria aingiaye Uvira kwa mashua kutoka kusini, akiikaribia bandari ya Kalundu, huiona milima ya Mitumba ikisogea taratibu nyuma ya mji, ilhali yeye mwenyewe ameketi tuli. Hali kama hiyo ndiyo aliyoitumia Alexandre Promio, mpiga picha wa ndugu Lumière, mjini Venice mwaka 1896. Aliiweka kamera ndani ya mashua bila kuigeuza, na majumba ya ukingoni yakapita mbele yake. Kamera ikawa imeanza kusafiri, na safari yake ikawa sehemu ya maana ya picha.

Yapasa hapa kutenganisha aina mbili za mwendo ambazo huchanganywa kwa urahisi. Kamera iliyosimikwa juu ya miguu mitatu na kugeuzwa toka upande hadi upande haihami mahali pake. Hufanya kama mtu aliyesimama barazani akigeuza shingo. Uvira, mji mwembamba uliobanwa kati ya mlima na maji, huwavuta wapiga picha kufanya hivyo: ziwa, mapaa, kisha mlima. Mgeuko huo una kazi yake. Mwezi Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika na kuua makumi ya watu mjini humo. Mgeuko wa polepole toka mlimani hadi ziwani ungeweza kuonyesha chanzo na matokeo pasipo kukatwa kwa picha: maji yalishuka wapi, yakapita juu ya nini, na jinsi nafasi ya kukimbilia ilivyokuwa finyu. Hata hivyo, aliyegeuza shingo angali barazani. Hajalowa.

Kamera inayohama ni jambo jingine. Mfano ulio wazi, nao ni wa Kiswahili cha Kongo, ni filamu Makala ya Mfaransa Emmanuel Gras, iliyopata Tuzo Kuu ya Wiki ya Wahakiki huko Cannes mwaka 2017. (Msomaji wa Dar es Salaam asidhani kuwa inahusu maandishi ya jaridani, makala za Kongo ni makaa.) Kabwita Kasongo anakata mti, anachoma makaa, anayapakia kwenye baiskeli, kisha anaisukuma kiasi cha kilomita 50 hadi Kolwezi. Gras, aliyeishika kamera mwenyewe, anamfuata mara kwa nyuma, mara ubavuni, kwa mwendo ule ule wa mzigo. Palipo na mlima, filamu nayo hupunguza kasi. Mwongozaji mwingine angeikata safari hiyo kwa picha tatu, nao uchovu ungekuwa habari ya kusikia tu. Kwa kurefusha pigo moja la kamera, Gras humfanya mtazamaji ahesabu hatua. Lakini mwendo huo huo huzua swali gumu: kamera iliyo karibu kiasi hicho mbona haisukumi? Filamu hailijibu, wala haielekei kuwa ingeweza.

Mtikisiko wa kamera ya mkononi nao una maana, ila tu pale unapotokana na tukio. Katika Maman Colonelle (2017), Dieudo Hamadi anamfuata afisa wa polisi Honorine Munyole anapohamishwa kutoka Bukavu kwenda Kisangani. Mkono wa Hamadi hutikisika kwa sababu yumo katikati ya watu, akisogea kadiri wanavyosogea. Mtikisiko wa kupambia ni udanganyifu. Kamera ikitikiswa kwa makusudi katika soko la Uvira, asubuhi ya kawaida, mtazamaji wa mbali atahisi hatari isiyokuwepo, na mama anayebishana bei ya ndagala ataonekana kama mtu anayekimbia vita.